Dawa ya Ganzi ya Kupaka Nayo Huingia Kwenye Damu

Mgonjwa anayeandikiwa vidonge hufika kwenye dirisha la famasi akauliza anywe vingapi, kwa siku ngapi, kabla au baada ya kula. Anayepewa tyubu ya krimu ya ganzi huipokea, akaitia mfukoni na kwenda zake. Sisi wafamasia tunaohudumia wakazi wa Mwanza tunaijua vizuri imani iliyo nyuma ya tofauti hiyo: kinachomezwa ndicho kinachoingia mwilini, na kinachopakwa hubaki juu ya ngozi. Kwa dawa ya ganzi, imani hiyo ni ya hatari.

Dawa inayotumika zaidi katika kundi hili ni lidokaini, ambayo kwenye baadhi ya maboksi huandikwa lignokaini. Nyingine ni benzokaini, prilokaini na tetrakaini. Zote huziba vijia ambavyo sodiamu hupitia kuingia kwenye mshipa wa fahamu, hivyo taarifa ya maumivu haifiki kwenye ubongo. Kidonda, uvimbe au usaha uliokuwepo unabaki kama ulivyokuwa. Na kwa kuwa ubongo na moyo navyo hutegemea vijia vya namna hiyo hiyo, dawa ikizidi katika damu huanza kuvivuruga viungo hivyo. Jeli ya diklofenaki na dawa za kuchua zenye mentholi hazimo katika kundi hili, ingawa dukani mara nyingi hupangwa rafu moja na wateja huziita zote dawa za maumivu.

Chukua tyubu ya gramu 30 iliyoandikwa lidokaini asilimia 4. Maana yake ni kwamba kila gramu ina miligramu 40 za dawa, na tyubu nzima ina miligramu 1,200. Daktari anapomchoma mtu mzima wa kilo 60 sindano ya lidokaini isiyochanganywa na adrenalini, kikomo chake ni miligramu 4.5 kwa kila kilo ya uzito, yaani 270. Tyubu hiyo ndogo, basi, imebeba zaidi ya mara 4 ya kiasi ambacho daktari hathubutu kukivuka. Kinachomwokoa mtumiaji ni ngozi yake nzima, ambayo hupitisha sehemu ndogo tu ya dawa. Ngozi ikiwa imechubuka, imeungua, imetoka kunyolewa au ina joto, ulinzi huo hupungua, na dawa ikifunikwa kwa nailoni hupenya kwa wingi zaidi. Ndani ya mdomo, puani na sehemu za siri hakuna ngozi ngumu ya kuizuia, kwa hiyo huingia upesi. Wanaume wanaonunua dawa za kupuliza za kuchelewesha, ambazo nyingi ni lidokaini, mara chache huambiwa jambo hili.

Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwa umma iliyoeleza vifo vya wanawake wawili, mmoja wa miaka 22 na mwingine wa miaka 25. Kila mmoja alikuwa amejipaka krimu yenye ganzi nyingi miguuni na kuifunga kwa nailoni, kama alivyoelekezwa, ili asisikie maumivu wakati wa kuondolewa nywele kwa mwanga wa leza. Walipatwa na degedege, wakapoteza fahamu, na hatimaye wakafariki. Saluni zetu zinazochora tatoo na kung'oa nywele kwa nta zina kila sababu ya kuzingatia habari hiyo, hasa pale krimu inapokuwa imenunuliwa mtandaoni na haina maandishi yanayosomeka. Kama asilimia ya dawa haijaandikwa, mimi nisingeipaka hata kidoleni.

Matumizi salama ya nyumbani ni machache na yanaeleweka: kuumwa na mdudu, mwasho wa sehemu ndogo, mchubuko mwepesi sana usiovuja damu, au bawasiri iliyokwisha kuthibitishwa na mtaalamu. Neno kuthibitishwa nimeliweka kwa makusudi, kwa sababu damu kwenye choo kwa mtu aishiye kandokando ya ziwa inaweza kuwa dalili ya kichocho, na krimu haitibu kichocho. Safisha sehemu hiyo, ikaushe, paka utando mwembamba kwenye eneo lisilozidi kiganja, kisha nawa mikono. Usirudie zaidi ya mara 3 au 4 kwa siku, au kama lebo inavyosema ikiwa inataja mara chache zaidi, na maumivu yakifikisha siku 7 nenda kituo cha afya. Mwenye ugonjwa mkubwa wa ini au tatizo la mapigo ya moyo amuulize mtaalamu kwanza, kwa kuwa ini ndilo linaloiondoa lidokaini mwilini.

Wavuvi na wachuuzi wa samaki, kama wale wa Mwaloni Kirumba, hukutana na jeraha la namna yake: mwiba wa gogogo au kambare, au ndoana, vinavyozama kwenye kiganja na kuacha tundu dogo lenye maumivu makali. Tundu hilo si mahali pa krimu ya ganzi. Lioshwe kwa maji safi na sabuni, kilichobaki ndani kitolewe kwenye kituo cha afya, na mhudumu aulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda. Kuloweka mkono kwenye maji ya moto yanayovumilika hupunguza maumivu ya mwiba wa samaki wa jamii ya kambare, lakini mkono uliotiwa ganzi hauwezi kukuambia kwamba maji yamezidi moto, na wenyewe hugundua baadaye kwa malengelenge. Kwa sababu hiyo hiyo usiweke chupa ya maji moto juu ya plasta ya ganzi.

Jicho ndipo ganzi ya kupaka ilipoanzia: mwaka 1884, huko Vienna, daktari Carl Koller alionyesha kwamba matone ya kokeini huwezesha upasuaji wa jicho bila maumivu. Leo matone ya tetrakaini hutumika kliniki kwa dakika chache za uchunguzi, na hapo ndipo yanapopaswa kubaki. Fundi wa kuchomelea aliyefanya kazi mchana bila kioo cha kinga huamka usiku akihisi mchanga umejaa machoni, machozi yanatiririka na mwanga haustahimiliki. Rafiki humletea kichupa cha matone ya ganzi, maumivu yanaisha kwa dakika chache, kisha yanarudi, anatia tena, na tena. Kioo cha jicho kilichoungua kwa mwanga kwa kawaida hupona ndani ya siku moja au mbili. Kikiendelea kutiwa ganzi hakiponi, huchimbika, na kinaweza kubaki na kovu linaloziba uoni. Matone hayo hayapewi mgonjwa kwenda nayo nyumbani kwa kujitibu, na anayeyauza hivyo anamdhuru mnunuzi.

Mtoto anayeota meno asipakwe ganzi kwenye fizi. Benzokaini hairuhusiwi kwa walio chini ya miaka 2, kwa sababu, kama ilivyo kwa prilokaini, inaweza kuibadilisha himoglobini ya damu isiweze kutoa oksijeni kwa mwili. Hatari hiyo huongezeka kwa anayetumia Septrin, dapsoni au primakwini, na kwa mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali isiyo ngeni katika maeneo yenye malaria kama yetu. Jeli ya lidokaini nayo, mtoto akiimeza, imesababisha degedege na vifo. Mama asugue fizi za mwanawe kwa kidole safi au ampe kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi yaliyochemshwa. Mtoto mwenye homa apimwe malaria kituoni, na homa hiyo isisingiziwe meno, wala asipelekwe kung'olewa yale yanayoitwa meno ya nailoni.

Mtu mzima aliyepaka ganzi kooni au mdomoni asile wala kunywa kwa saa moja, maana anaweza kupaliwa au kujing'ata ulimi bila kuhisi.

Dalili za dawa kuzidi ni midomo na ulimi kufa ganzi pasipopakwa, ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma, kizunguzungu, mikono kutetemeka, kisha degedege. Himoglobini iliyobadilika hujionyesha kwa kuhema na kwa midomo, ulimi na kucha kuwa rangi ya kijivu au bluu; kwa mtu mweusi tazama ndani ya mdomo, usitazame ngozi ya uso. Futa dawa iliyobaki, osha kwa maji na sabuni, ondoa chochote kilichofunika, na umpeleke mgonjwa hospitali mara moja. Tyubu yenyewe iende naye pamoja na saa aliyopakwa, na mwombe mhudumu ajaze fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo hutumika kufuatilia dawa zinazodhuru watu.