Mstari mwekundu si mpaka

Mimi ni wakili wa kesi za mali, na mwezi huu nimeambiwa mara tatu kwamba mstari mwekundu kwenye ramani ya hatimiliki ndio mpaka wenyewe wa kiwanja. Wa kwanza ni binamu yangu, aliyenitumia kwa simu, usiku wa manane, picha ya ramani ya nyumba yake: "Dada, jirani kaingia kwangu nusu mita, ramani ya serikali hii hapa, nimshtaki?" Wa pili ni mteja mwenye ramani ya aina hiyo hiyo, kaikuza mpaka ikajaa ukurasa. Wa tatu ndiye aliyenikalisha kitako niandike. Mwanagenzi wangu, yaani wakili anayejifunza kazi chini yangu, kijana mwenye akili kali na shahada ya daraja la kwanza, aliniwekea mezani rasimu ya maoni ya kisheria. Alikuwa ameupima mstari mwekundu kwa rula ya plastiki, akazidisha kwa skeli, akahitimisha kuwa uzio wa jirani umevuka kwa sentimita 40.

Sentimita arobaini! Kwa rula!

Hapa Uingereza na Wales, mstari mwekundu kwenye ramani ya hatimiliki hausemi mpaka wako unapita wapi. Unasema kiwanja chako kiko maeneo hayo. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2002 kinatamka wazi kwamba mpaka unaoonyeshwa kwenye daftari ni mpaka wa jumla, na kwamba mpaka wa jumla haubainishi mstari halisi, isipokuwa pale ulipoainishwa rasmi. Wanaonipigia simu hawajakisoma. Mwanagenzi wangu alikisoma na kufaulu mtihani wake, kisha akachukua rula.

Hebu tufanye hesabu. Ramani hizo hutokana na ramani za Ordnance Survey, shirika la taifa la kuchora ramani, mijini kwa skeli ya 1:1250, mashambani kwa 1:2500. Kwa skeli ya mijini, milimita moja ya karatasi ni mita moja na robo ya ardhi. Mstari mwembamba wa nusu milimita umeshafunika zaidi ya sentimita 60 za udongo, kwa hiyo zile sentimita 40 zote zilikuwa ndani ya wino. Isitoshe, wapimaji wa Ordnance Survey hawakutumwa kutafuta mipaka ya mali. Huchora wanachokiona, yaani ukuta, ua, pembe ya nyumba. Nani anamiliki nini si kazi yao.

Watu huona huu ni uzembe wa serikali. Sivyo. Sheria ya mwaka 1862 iliyoanzisha usajili ilidai mipaka kamili. Anayesajili ilibidi majirani zake wapewe taarifa, na majirani walioishi miaka mingi bila neno wakaanza kugombea vipande ambavyo hakuna aliyewahi kuviwaza. Usajili ukadorora, na mwaka 1875 Bunge likahamia kwenye mipaka ya jumla. Mpaka wa jumla ni uamuzi, tena wa busara, na umewaepusha watu wengi na kesi. Anayetaka mstari kamili bado anaweza kuomba uainishwe, kwa ramani ya mpima ardhi iliyo sahihi kwa milimita 10. Jirani akipinga na wasipopatana, mambo yanaishia kwenye baraza la migogoro ya mali.

Sasa, mwanagenzi anafundishwa nini? Njia yenyewe inajulikana: shahada, kozi ya uwakili, kuitwa kwenye uwakili na mojawapo ya Inn nne za London, yaani vyama vya kale vya mawakili, kisha mwaka wa uanagenzi katika chemba, yaani ofisi ya mawakili. Miezi sita ya kwanza unamfuata mlezi wako, wakili mzoefu, kama kivuli. Sita ya pili unasimama mahakamani peke yako, na kwetu sisi mawakili wa mali, hizo ni kesi za kodi ya pango na za kuwatoa wapangaji, asubuhi baada ya asubuhi. Hatushughulikii makaratasi ya kununua nyumba. Hiyo ni kazi ya masolisita, yaani mawakili wa ofisini, na wataalamu wengine wenye leseni ya kazi hiyo, ingawa binamu yangu hajakubali hilo hadi leo.

Jambo ambalo mwaka ule usipokufundisha umepotea bure ni kujua ni karatasi ipi uitafute kwanza. Mpaka una siku ya kuzaliwa. Ni siku ile ardhi iliyokuwa ya mtu mmoja ilipokatwa vipande viwili na kimoja kikauzwa. Hati ya siku ile ndiyo mama, na hati zote za baadaye hurithi, kwa kuwa hakuna awezaye kuuza asichokuwa nacho. Basi tafuta hati hiyo, hata kama ni ya mwaka 1934 na imelala katika sanduku la solisita aliyestaafu. Ukishaipata, soma maneno yake na mchoro wake kwa pamoja. Ikisema ramani imeambatishwa "kwa utambulisho tu", maneno hutangulia na ramani husaidia pale maneno yasipotosha. Ikisema ardhi "imechorwa kwa undani zaidi" kwenye ramani, ramani hupanda cheo. Halafu kuna waandishi wa hati walioweka semi zote mbili katika sentensi moja, zikauana zenyewe kwa zenyewe. Nimezikuta hati hizo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Na ukishasoma, nenda. Simama pale hati ikiwa mkononi. Sheria inauliza mnunuzi wa kawaida mwenye akili timamu, akiwa amesimama pale siku ile na mchoro huo, angeelewa ananunua wapi mpaka wapi.

Nilipokuwa mwanagenzi, mlezi wangu alinipeleka kwa treni hadi kijiji kimoja kwa sababu hati ilisema mpaka unaanzia "kwenye nguzo ya lango". Lango halikuwepo. Pande zote mbili zilikuwa zimeshabishana mwaka mzima kuhusu uzio wa mbao ulio wima na mpya. Mlezi wangu, na suti yake, alipiga magoti, akaanza kuvuta mimea iliyotambaa chini. Kiasi cha hatua mbili kutoka kwenye ule uzio, akafikia kisiki cha mwaloni kilichooza katikati, na ubavuni kimeng'ang'aniwa na kipande cha bawaba ya chuma, kutu tupu. Akanishika mkono akaniwekea kidole juu yake. Hakusema kitu. Wateja wetu hawakuwa sahihi, na wapinzani wao pia hawakuwa sahihi.

Kisha kuna mitaro, na hapa nawaomba mnivumilie. Mwaka 1810 Jaji Lawrence alieleza mantiki ambayo bado tunaitumia. Anayechimba mtaro mpakani hawezi kukata ardhi ya jirani, hivyo huchimba ukingoni kabisa mwa ardhi yake. Udongo lazima autupe upande wake, na juu ya tuta hilo akipenda hupanda ua wa miti. Kwa hiyo penye tuta na mtaro, mpaka ni ukingo wa mbali wa mtaro, ule usio na tuta. Ordnance Survey wao huchora mstari katikati ya ua. Hapo mtu mwenye rula ameshapoteza upana wa mtaro mzima, na nusu ya ua juu yake! Mwaka 1999 kesi ya namna hii ilifika hadi kwa majaji wa House of Lords, mahakama ya juu kabisa wakati huo, nao wakaithibitisha kanuni ile ya 1810.

Vitabu huishia hapo. Mimi siwezi. Kanuni hiyo inasimama juu ya dhana kwamba mpaka ulikuwepo kabla ya mtaro. Mtaro ukiwa ulichimbwa na mtu mmoja aliyemiliki pande zote mbili, labda kutoa maji shambani tu, mantiki yote inaanguka. Nimesimama mbele ya mitaro ya miaka mia mbili na sikuwa na njia ya kujua kipi kilitangulia, mpaka au mtaro. Tunadhania, tunaandika "inadhaniwa", na mtu anapata au anakosa ardhi kwa dhana hiyo.

Nina mashaka mengine. Yule mnunuzi wa kawaida anayesimama na hati siku ya mwaka 1934 ni kiumbe cha kutunga, na nahisi majaji wengi huamua wakiwa wamesimama kwenye nyasi za leo, kisha humwita yeye kuthibitisha. Tena, majirani wanaweza kukubaliana kwa mdomo tu mpaka upite wapi, na mwaka 2025 Mahakama ya Rufani ilisema makubaliano hayo huwafunga hata wanunuzi wa baadaye ambao hawakuyajua. Naelewa sababu yake, yaani amani kati ya majirani. Lakini nimwambie nini mteja anayeniuliza angeyaonaje maneno yaliyosemwa juu ya uzio na watu waliokwishafariki?

Kuhusu kudai ardhi kwa kuikalia miaka 10 au 12, nitaandika siku nyingine. Kwa sasa jueni tu kwamba kwa ardhi iliyosajiliwa hakuna kinachojiendea chenyewe, lazima uombe, na mwenye hati hupewa taarifa.

Binamu nimemjibu asimshtaki mtu, amwandalie jirani chai wakae waongee, na anitafutie hati ya kwanza. Mwanagenzi nilimrudishia rasimu yake nikamwambia apande treni.

Ijumaa alirudi na matope hadi vifundoni. Uzio tunaobishania, akasema, umejengwa juu ya tuta, na nyuma yake, chini ya miiba, kuna mtaro uliojaa majani. Ramani haikuwa na dalili yake. Nikamuuliza tuta liko upande wa nani. Akafungua daftari lake, akaugeuza mchoro aliouchora kwa penseli ili niuone, akasema: "Liko upande wa jirani. Lakini bado sijui nani alimiliki ardhi yote kabla ya 1934."

Nikamwambia sasa aandike.