Je, wajua kwa nini kamera mpya hushindwa na simu ukumbini usiku?

Mtu ananunua kamera yake ya kwanza, anakwenda nayo harusini, na kesho yake anagundua kuwa picha za simu ya shangazi aliyekaa meza ya mbele ni safi kuliko zake. Zake zina chengachenga, na waliokuwa wakicheza wametoka kama moshi. Kamera si bandia, wala mkono wake hauna kosa. Tatizo ni hesabu ya mwanga, na dukani hesabu hiyo haitajwi. Kinachotajwa ni megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, ambazo hapa hazina kazi kubwa.

Mwanga huingia kwenye kamera kwa punje, na punje hizo haziji kwa mpangilio. Kihisi ni kile kibamba kilichochukua nafasi ya filamu. Sehemu yake ndogo ikipokea punje 10,000, idadi hiyo hupanda au kushuka kwa kiasi cha 100, yaani asilimia 1, na jicho halitambui. Ikipokea punje 100 tu, huyumba kwa 10, asilimia 10 nzima. Hapo shavu laini huonekana kama limenyunyiziwa mchanga. Hizo ndizo chenga. Kupandisha ISO, ile namba ya kuing'arisha picha, hakuongezi punje hata moja. Hukuza tu kilichokwisha kuingia, pamoja na chenga zake.

Kwa hiyo, shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia) ikifunguka kwa muda uleule, yanayobaki ni mawili: ukubwa wa kihisi na upana wa tundu la lenzi.

Tuchukue simu ya Samsung Galaxy S20 Ultra ya mwaka 2020. Kihisi chake cha megapikseli 108 kina milimita 9.6 kwa 7.2, eneo la milimita za mraba 69. (Kwa kawaida simu hiyo huunganisha pikseli tisa kuwa moja, hivyo picha unayoiona ni ya megapikseli 12.) Kamera ya Canon ya anayeanza, yenye kihisi cha APS-C (ukubwa wa kihisi ulio kwenye kamera nyingi za namna hiyo), ina milimita 22.3 kwa 14.9, yaani 332 za mraba. Ni karibu mara tano ya simu. Sasa inashindwaje?

Inaangushwa na lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi, ile ya 18-55mm. Namba ya f kadiri inavyokuwa ndogo, tundu ndivyo linavyokuwa pana. Ukivuta lenzi hiyo hadi 55mm ili kusogeza picha karibu, tundu haliwezi kupanuka zaidi ya f/5.6, wakati simu inafanya kazi kwa f/1.8. Gawa 5.6 kwa 1.8, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: unapata 9.7. Yaani kila milimita ya mraba ya kihisi cha simu inapata mwanga karibu mara kumi. Kamera ina eneo mara tano, lakini mwanga wake ni hafifu mara kumi, hivyo jumla inayoingia ni nusu tu ya ile ya simu. Tena simu hupiga fremu kadhaa mfululizo na kuzichanganya ili kufuta chenga.

Vua lenzi hiyo, funga ya 50mm f/1.8, na mambo yanageuka. Pale ulipolazimika kutumia ISO 6400 kwa 1/125 ya sekunde, sasa ISO 640 inatosha, na kamera inapokea mwanga karibu mara tano ya simu. Ndiyo maana nasisitiza: bajeti ikiwa ndogo, nunua bodi (kamera bila lenzi) ya zamani na lenzi yenye tundu pana, badala ya bodi mpya na lenzi ya boksi peke yake. Bodi ya megapikseli 18 inatosha kabisa. Picha ya A4 ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 2480 kwa 3508, ambazo hazifiki milioni 9.

Angalia lenzi na bodi kama zinaelewana. Bodi za Nikon za D3000 na D5000, pamoja na ndugu zao kama D3500 na D5600, hazina ndani mota ya fokasi, ile inayolenga ili picha itoke kali. Ukizifungia lenzi ya zamani iliyoandikwa AF bila S, utazungusha fokasi kwa mkono usiku kucha. Tafuta AF-S, ambayo ina mota yake yenyewe. Na kama utapiga ndani ya sebule ndogo, 35mm itakufaa kuliko 50mm, kwa sababu kwenye APS-C ile ya 50mm hubana sana na utajikuta mgongo uko ukutani.

Tundu pana nalo lina gharama yake. Kwa lenzi ya 50mm ikiwa f/1.8, ukisimama mita 2 kutoka kwa maharusi, sehemu inayotoka kali bila ukungu ina unene wa sentimita 11 hivi. Bwana harusi akirudi nyuma nusu hatua, uso wake unafifia. Wapange mstari mmoja, au funga tundu hadi f/4, ambapo unapata sentimita 24.

Ukinunua lenzi iliyotumika Mombasa, Tanga au Unguja, penye unyevu mwingi, mulika tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu. Iache hata kwa nusu bei, kwani kuvu hula utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo, na alama zake zinaweza kubaki hata fundi akiifungua na kuisafisha.