Mlinzi wa mstari wa mbele katika NFL, ligi ya futiboli ya Marekani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Kazi hii ni ya wenye miili mikubwa tu.
Mwili unahitajika, ila anayeshinda ni aliyeinama chini zaidi ya mpinzani wake. Aaron Donald alikuwa na futi 6 na inchi 1, kilo zipatazo 127, umbo dogo kwa anayecheza katikati, na bado alitajwa mlinzi bora wa ligi mwaka 2017, 2018 na 2020. Tazama mpira unapoanza kuchezwa: vidole vinaachia nyasi, hatua ya kwanza ni fupi, viganja vinatua kifuani mwa mpinzani, dole gumba juu, viwiko vimebana mbavu. Mlinzi akisimama wima mapema, kifua kinabaki wazi, anasukumwa nyuma kama mkokoteni. Mikono ikichelewa, vyuma vyote alivyonyanyua mazoezini havimsaidii.

Dhana: Huondoka anaposikia sauti ya kwotabeki (mwongoza mashambulizi wa timu pinzani).
Hapo masikio ndiyo humponza. Kwotabeki hubadilisha mwito wa kuanza makusudi ili mlinzi avuke mstari kabla ya wakati, na kosa hilo ni adhabu ya yadi 5. Mlinzi mzuri huutazama mpira wenyewe. Ukitikisika, naye yumo njiani.

Dhana: Asiyemwangusha kwotabeki hajafanya kitu.
Dhana hii inawaonea watu wengi. Mlinzi wa katikati mara nyingi hukabwa na wawili kwa pamoja. Kazi yake hapo ni kushusha nyonga, hata kupiga goti, asing'oke kwenye upenyo wake, yaani nafasi kati ya wazuiaji anayoilinda. Wawili wakimshughulikia yeye, mmoja wa walinzi wa nyuma yake hana wa kumzuia, anakwenda kumkamata mbeba mpira. Atakayesifiwa ni huyo wa nyuma, lakini kocha akirudia video anajua nani aliyefungua njia. Mlinzi wa katikati akiachia nafasi yake kwa tamaa ya kumfuata kwotabeki, mpira hupita palepale alipotoka.

Dhana: Akisaini mkataba wa mamilioni, fedha zote ni zake.
Cha kusoma kwanza ni kiasi kilichodhaminiwa. Mshahara wa msimu hulipwa kwa awamu, na klabu inaweza kumwacha mchezaji ikabaki na sehemu isiyodhaminiwa. Pensheni nayo hudai misimu 3 inayohesabika, na wengi hawafiki.

Dhana: Asiyechaguliwa kwenye drafti (uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya kutoka vyuoni) amekwisha.
John Randle hakuchaguliwa mwaka 1990. Aliingia Minnesota Vikings, akamaliza akiwa amewaangusha makwotabeki mara 137.5 (nusu huandikwa wawili wanapomwangusha pamoja), na mwaka 2010 aliingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa. Efe Obada, mzaliwa wa Nigeria aliyekulia Uingereza, hakucheza chuoni hata siku moja. Mwaka 2018, katika mechi yake ya kwanza ya ligi akiwa na Carolina Panthers, alimwangusha kwotabeki na kunasa pasi.