Penningi za Harald: nyepesi kwa fedha, nzito kwa shaba

Kwa Kiswahili, fedha ni madini na fedha ni pesa. Wanorwei wa mwanzoni mwa karne ya 11 waliishi hivyo hasa: sarafu za Ujerumani na Uingereza zilipokewa kwa mizani, na mwenye shaka aliipinda sarafu au kuidunga kwa ncha ya kisu aone ndani.

Harald Hardrada aliyavuruga mazoea hayo. Alibaki mfalme pekee wa Norwei mwaka 1047, na hadi mapatano ya 1064 alipigana na mfalme Sven Estridsen akitaka kiti cha Denmark. Vita vilitaka malipo. Penningi yake, sarafu ndogo yenye fundo la pembe tatu, ilianza na fedha asilimia 90 hivi, ikashuka hadi karibu theluthi, iliyobaki, shaba. Kwa kuwa marki, kipimo cha uzito cha takriban gramu 214, ilihesabiwa penningi 240, kila moja ilipaswa kuwa na gramu 0.89, na mizani haiwezi kuutenga uzito wa shaba na wa fedha. Masimulizi ya Kiaislandi yanasema Halldor Snorrason, mpiganaji wake, aliumwaga mshahara wake kwenye majani makavu kwa hasira.

Maji huufichua mchanganyiko huo. Fedha ina gramu 10.49 kwa sentimita ya ujazo, shaba 8.96. Penningi ya gramu 0.89 yenye fedha asilimia 90 ikizamishwa hupungua gramu 0.086, yenye theluthi hupungua 0.094. Tofauti ni miligramu 8 tu, kwa hiyo mizani ya sonara inayoishia gramu 0.01 haifai. Kiputo cha hewa cha milimita 2 za ujazo hula robo ya tofauti hiyo: tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, na uzi mwembamba sana.

Kipimo cha eksirei nacho hudanganya, kwani husoma ngozi ya juu tu, ambako udongo umekwisha kula shaba na kuacha fedha. Kusugua sarafu kwa ndimu huongeza kosa hilo, tena huiharibu kabisa.

Harald aliuawa 1066. Mwanawe Olav Kyrre alirudisha asilimia 90 miaka ya 1080 hivi, ila akapunguza uzito kwa nusu. Mwenye penningi ya Olav ya gramu 0.45 alishika fedha gramu 0.4. Ile nzito ya Harald ilikuwa na gramu 0.3.