Je, wajua ni vipi chama cha wauza mitumba wa Marekani kilizirudisha nyuma serikali za Afrika Mashariki?

Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa nguo na viatu vya mitumba sokoni hatua kwa hatua, ndani ya miaka 3, ili viwanda vya nguo vya hapa kwetu vipate pa kupumulia. Haikupita miaka 2, Kenya, Tanzania na Uganda zikawa zimelegeza kamba. Rwanda ikashikilia msimamo, ikaadhibiwa. Aliyeliamsha jambo hilo Washington ni chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika, kifupi chake SMART, ambacho Wamarekani wengi hata hawajui kama kipo.

Ndiyo maana naona anayetaka kuelewa jinsi makundi ya maslahi yanavyoisukuma serikali ya Marekani asianzie kwenye mabilioni ya dola. Aanzie kwenye robota la mitumba. Fika Gikomba ya Nairobi au Karume ya Dar es Salaam alfajiri, kamba zinapokatwa: watu wameinama bega kwa bega, mikono inapekua, huyu kavuta jinzi, yule kanyakua gauni kabla halijagusa turubai. Wanyarwanda mitumba wanaiita caguwa, neno lililotokana na "chagua" ya Kiswahili. Shati lililotoka Marekani, kabla ya kufika kwenye turubai lile, limeshapita kwa aliyelikusanya, aliyelipanga kwa madaraja, aliyelifunga na aliyelipakia melini. Hao wa mwanzo wa safari ndio wenye chama. Soko la huku likifungwa, maumivu yanaanzia kwao.

Basi Machi 2017 wakaandika malalamiko na kuyapeleka kwa Mwakilishi wa Biashara wa Marekani, ofisi iliyo chini ya rais. Walidai kuwa ajira 40,000 za Wamarekani zimo hatarini. Hesabu hiyo ilikuwa yao wenyewe. Juni mwaka huohuo ofisi ikatangaza kuzichunguza Rwanda, Tanzania na Uganda kama bado zinastahili kubaki kwenye AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoziruhusu nchi nyingi za Afrika kuuza bidhaa nyingi Marekani bila ushuru. Kenya haikuwekwa kwenye orodha kwa sababu ilikuwa imeshajiondoa kwenye mpango wa kupiga marufuku. Ilikuwa na cha kupoteza: nguo zinazoshonwa Athi River na kwingineko huuzwa Marekani kwa mamia ya mamilioni ya dola kila mwaka. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, haikuushusha. Tarehe 30 Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru wa AGOA.

Mlango waliopitia wenye mitumba una historia yake, na kwangu hapo ndipo penye somo kubwa. AGOA ilipoongezwa muda mwaka 2015, Bunge la Marekani liliweka kifungu kinachomruhusu mwenye maslahi kulalamika wakati wowote kwamba nchi fulani inazuia bidhaa za Marekani, bila kusubiri tathmini ya kila mwaka. Nyuma ya msukumo ule kulikuwa na kuku. Wafugaji wa Marekani walikasirishwa na ushuru ambao Afrika Kusini iliuweka juu ya vipande vya kuku vyenye mifupa. Maseneta Chris Coons wa Delaware na Johnny Isakson wa Georgia, majimbo yanayotegemea sana kuku, wakalivalia njuga suala hilo. Afrika Kusini ikakubali kuingiza tani 65,000 kwa mwaka bila ushuru ule wa ziada. Miaka 2 baada ya kifungu kupita, wenye mitumba wakapita palepale walipopita wenye kuku.

Kwa nini sheria yao inaruhusu haya? Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, ya mwaka 1791, yanalinda haki ya raia kuiomba serikali iondoe kero zao. Haki hiyo ni ya mzazi anayetaka taa za barabarani mbele ya shule, na ni ya kampuni ya dawa pia. Tofauti ni kwamba kampuni inaweza kuajiri mtu wa kudumu wa kuomba kwa niaba yake. Watu hao huitwa walobi, yaani washawishi wa kulipwa. Tangu sheria ya mwaka 1995 wanatakiwa kujisajili na kutaja wanamwakilisha nani, kwa jambo gani na kwa malipo kiasi gani. Waliosajiliwa ni zaidi ya 12,000, na matumizi yanayotangazwa yamepita dola bilioni 4 kwa mwaka.

Usidhani fedha hizo zinabebwa kwa bahasha. Kumhonga mbunge ni kosa la jinai. Sehemu kubwa inalipa mishahara ya watu wanaojua kifungu gani kinajadiliwa leo, katika kamati ipi, na msaidizi gani kijana ndiye anayekiandika huku amelemewa na kazi. Mlobi anamletea takwimu, hoja, hata maneno yaliyokwisha kuandikwa. Mwananchi anayefuatilia bei ya unga na kodi ya nyumba hana habari kwamba kikao kile kipo. Jambo linalowanufaisha wachache kwa kiasi kikubwa, na kumgharimu kila mmoja wetu kidogo kidogo, mara nyingi hupita hivyo.

Kisha kuna uchaguzi. Mjumbe wa Baraza la Wawakilishi hupigiwa kura kila baada ya miaka 2, kwa hiyo hajamaliza kushukuru wapiga kura kabla hajaanza tena kutafuta fedha za kampeni. Makampuni yalikatazwa kumchangia mgombea moja kwa moja tangu 1907, na kamati ya kawaida ya kundi la maslahi haivuki dola 5,000 kwa mgombea katika uchaguzi mmoja. Lakini mwaka 2010 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Citizens United, iliamua kwamba makampuni na vyama vya wafanyakazi vinaweza kutumia kiasi chochote mradi havipangi pamoja na mgombea. Kwa kufuata uamuzi huo zikazaliwa kamati zinazoitwa Super PAC, zinazokusanya na kutumia fedha bila kikomo.

Mwaka 2024 kamati moja ya aina hiyo, Fairshake, iliyochangiwa zaidi na makampuni ya sarafu za kidijitali, ilitumia takriban dola milioni 10 kumpinga Katie Porter aliyewania useneti California, na washirika wake wakatumia kama milioni 40 dhidi ya Seneta Sherrod Brown wa Ohio. Wote wawili walishindwa, ingawa kura zina sababu nyingi. Kilichonishtua ni kwamba matangazo yale kwa kawaida hayakutaja sarafu hizo kabisa. Mpiga kura aliona tangazo la kumchafua mtu. Wanasiasa wengine ndio walioelewa ujumbe. Julai 2025 sheria ya sarafu zinazofungamanishwa na dola ilisainiwa baada ya kupata kura za vyama vyote viwili.

Hata hivyo, makundi haya hushindwa pia, ingawa huchukua muda. Novemba 2003 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura ya kuipa Medicare, bima ya serikali ya wazee, jukumu la kulipia dawa. Kura ilianza karibu saa 9 usiku ikaachwa wazi kwa takriban saa 3, viongozi wakizunguka ukumbini kuwabembeleza wabunge, hadi ikapita kwa 220 dhidi ya 215. Ndani yake mlikuwa na kifungu kinachoizuia serikali kujadiliana bei na watengenezaji wa dawa. Billy Tauzin, mwenyekiti wa kamati mojawapo iliyoshughulikia muswada huo, aliondoka bungeni mapema 2005 akaenda kuongoza chama cha makampuni ya dawa, PhRMA.

Kifungu hicho kilidumu hadi 2022, wazee na vyama vyao walipofanikiwa kupata sheria ya kukilegeza. Bei za dawa 10 za kwanza zilizojadiliwa zilianza kutumika Januari 2026. Januvia, kidonge cha kisukari ambacho bei yake rasmi kwa mwezi ilikuwa dola 527, kwa Medicare sasa ni dola 113.