Je, Alaska na Washington zilipiga marufuku samoni wa kufugwa kwa sababu ni sumu?

Ujumbe huu hauishi kwenye magrupu: majimbo ya Alaska na Washington, Marekani, yamepiga marufuku samoni wa kufugwa kwa kuwa ni sumu, "wajulishe na wengine."

Sheria zipo kweli. Sababu ndiyo imegeuzwa.

Alaska ilizuia ufugaji wa samaki kibiashara mwaka 1990 ili kulinda samoni wa asili na riziki ya wavuvi wake. Vituo vya kutotolesha vifaranga na kuwaachia baharini bado vinaruhusiwa. Washington ina kisa chake: Agosti 2017, vizimba karibu na kisiwa cha Cypress vilisambaratika, wakatoroka samoni wa Atlantiki zaidi ya 200,000, samaki wageni kabisa katika maji yale. Watu wakahofia magonjwa na ushindani wa chakula na samoni wenyeji. Mwaka 2018 jimbo likatunga sheria ya kuondoa ufugaji wa samaki wageni baharini.

Zote zinagusa kufuga, si kuuza wala kula. Ukitaka kuhakikisha, soma kifungu cha 16.40.210 cha sheria za Alaska, kipo wazi mtandaoni. Au tazama lebo kwenye maduka ya Seattle, jiji la jimbo la Washington: samoni wa kufugwa bado wanauzwa.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka, maana tumezoea kusikia "marufuku" pale chakula kinapokuwa kibovu. Ujumbe ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Mwombe aliyeutuma akuonyeshe kifungu kinachotaja sumu.