Mvulana wa Kitengela na hotuba zinazosafiri

Kazi yangu ni kuwaandaa watu wanaokwenda kuzungumza mbele ya kamera, hasa kwenye majukwaa ya TEDx, yaani mikutano ya hotuba fupi inayoandaliwa na wenyeji kwa kibali cha TED, na hotuba zake huwekwa kwenye intaneti. Karibu kila anayenijia huja na "ujumbe": tusikate tamaa, vijana tuamke, Afrika inaweza. Namsikiliza mpaka amalize, kisha namwekea video ya Richard Turere.

Turere alikulia Kitengela, pembeni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Mwaka 2013, akiwa bado mvulana wa shule, alipanda jukwaa la TED kule Long Beach, California, akazungumza kwa dakika kama saba. Simba walikuwa wakija usiku kula ng'ombe wa kwao. Akajaribu moto, kumbe moto uliwasaidia simba kuona ndani ya zizi. Akasimamisha sanamu la mtu. Siku ya kwanza simba wakageuza, siku ya pili wakang'amua kwamba halisogei, wakaua. Usiku mmoja akawa anazunguka zizi na tochi, na simba hawakuja. Akagundua kuwa wanaogopa mwanga unaotembea. Basi akatafuta betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, balbu za tochi mbovu na kile kifaa cha pikipiki kinachofanya indiketa iwake na kuzima, akafunga taa kuzunguka zizi.

Muda mwingi anaeleza nini kilishindikana na alijaribu nini baadaye. Mtazamaji anahangaika naye, na taa zinapofika tayari anazitaka. Hamasa anajipa mwenyewe. Ndiyo maana mzungumzaji anayenifokea "amka!" namwomba kwanza anionyeshe betri yake iko wapi.

TED ilianza 1984 huko California kama mkutano wa watu waliolipa kuingia. Juni 2006 hotuba za kwanza ziliwekwa kwenye intaneti, bure, na hapo msikilizaji akabadilika. Wa ukumbini ameketi, ataona haya kuondoka. Wa kwenye simu ana kidole gumba, na bando lake linakwisha.

Watu wengi hushika kanuni ya TED ya dakika 18 na zulia jekundu la duara la jukwaani, wakidhani siri iko hapo. Dakika 18 ni ukomo tu. William Kamkwamba wa Malawi, aliyejitengenezea kinu cha upepo cha kuzalisha umeme, alipopanda jukwaa la TED Arusha mwaka 2007 hata hotuba hakutoa: Chris Anderson, mkuu wa TED wakati huo, alimhoji kwa dakika chache, Kiingereza chake kikiwa cha kuungaunga, picha za kinu zikionekana. Zilitosha.

Kuna jambo moja ambalo kwetu ni gumu kuliko yote: salamu. Mgeni rasmi, waheshimiwa, itifaki imezingatiwa, nimefurahi sana kupata fursa hii. Ukumbini ni adabu, na sitaki mtu aonekane hana adabu nyumbani kwake. Lakini kwenye video, dakika hiyo ya kwanza ndiyo watazamaji wanapokimbia. Nimewahi kubishana na wakubwa kuhusu hili, na nimeacha. Siku hizi nawaambia wasalimie wote, kwa majina na vyeo, kisha wanyamaze kidogo na kuvuta pumzi kabla ya kuanza kisa chenyewe. Mhariri anakata hapo.